Kabla Hujamtumia Mhariri Muswada, Kaa Hapa Kidogo

Jumamosi iliyopita dogo mmoja kaniletea flashi. Ndani mna faili nne: RIWAYA, RIWAYA MPYA, MWISHO KABISA, na MWISHO KABISA YA KWELI. Nikamuuliza, ipi ndiyo yenyewe? Akajikuna kisogo. Keshatuma kwa wachapishaji watatu, hakumbuki nani kapata ipi, na analalamika kwamba wiki ya pili hii hajajibiwa. Wiki ya pili! Nilitaka kumtimua, kisha nikakumbuka mambo yangu mwenyewe, nikamwagizia chai. Haya niliyomwambia nayaandika hapa ili nisiyarudie kila Jumamosi.

1. Kazi usiache. Riwaya yangu ya kwanza niliiandika kwenye kaunta buku nne nene, kuanzia saa kumi alfajiri mpaka adhana. Baada ya hapo nagombania daladala Gongo la Mboto niwahi Buguruni, nilikokuwa karani wa duka la vifaa vya ujenzi. Wazo likija mchana unaandika popote. Siku moja nyuma ya hati ya kupokelea saruji niliandika, "Auawe Ijumaa, siyo Alhamisi. Ijumaa mkewe hayupo." Bosi akaiona. Akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza taratibu kama nina tatizo lolote nyumbani. Ilibidi nimsimulie riwaya nzima, na kusema kweli alinisaidia: alisema muuaji wangu hajui bei ya nondo. Nikarekebisha.

2. Kwenye muhtasari, taja mwisho wa hadithi. Mhariri hanunui kitabu dukani, kwa hiyo huna utamu wa kumfichia.

3. Hapa sogea karibu, maana bado inaniuma.

Mhusika wangu mkuu alikuwa Ana, mwanamke anayemkimbia mumewe na pesa za kikoba. Kazi imekwisha, kijana wa steshenari keshanichapia yote, nami nimekwishasahihisha kwenye kompyuta ya kuazima miezi mitatu mizima. Usiku wa kutuma ndipo nikakumbuka kwamba mke wa kaka yangu naye ni Ana, na kikobani ni mweka hazina. Saa tano na dakika arobaini na nane. Bando langu la siku linakufa saa sita kamili.

Nikafungua ile sehemu ya kutafuta na kubadilisha. Tafuta: Ana. Weka: Rehema. Badilisha zote. Kompyuta ikaniambia imebadilisha sehemu zaidi ya elfu saba. Mtu mwenye akili zake angeshtuka. Mimi nilijisemea, loo, kumbe huyu mwanamke kaibeba riwaya kiasi hiki! Nikahifadhi juu ya faili ileile, nikaambatisha, nikatuma. Dakika mbili zilibaki kwenye bando, nikazitumia kuangalia matokeo ya mpira.

Nikangoja miezi tisa. Usidhani kosa lenyewe ni kule kubadilisha jina, kosa lenyewe ni hiyo miezi tisa. Kila kijiwe nilichokaa nilisema wachapishaji wa nchi hii wanataka vitabu vya kiada tu, hawasomi, wanapeana kwa kujuana. Niliwahi kulisema hilo mbele ya watu kwenye semina, kwa kipaza sauti, na watu wakapiga makofi. Muda wote huo sikuufungua muswada wangu hata mara moja. Niliona nikiugusa nitauharibu.

Jibu lilipokuja lilikuwa la mistari mitatu, kutoka kwa mama mmoja mhariri ambaye mpaka leo namwamkia kwa heshima zote. Aliandika kwamba wamejitahidi kufika ukurasa wa sita, na anaomba kufahamishwa kama Rehema ni mhusika au ni kiambishi.

Nikafungua faili. Sentensi ya kwanza kabisa, niliyoiandika upya labda mara arobaini, ilisomeka hivi: "KijRehema mmoja Rehemasimama mlangoni, Rehemamtazama mwRehemamke aliyekaa na bwRehema wake."

Nililala chini, sakafuni.

Utasema geuza tu, Rehema irudi kuwa ana. Niligeuza. Majina yote yakarudi kwa herufi ndogo, na kila sentensi iliyoanza na "Anasema" nayo vilevile. Tena mle ndani kulikuwa na rehema halali, za dua na mazishi. Hizo nazo zikageuka. Nikapitia kurasa 312 moja moja, wiki sita, na mhusika nikambatiza Zuhura, jina lisilojificha ndani ya neno lingine. Angalieni majina yenu, jamani. Ali yumo kwenye mahali, swali na ghali. Sara yumo kwenye hasara. Juma ukimgeuza Hamisi, wiki nzima inakuharibikia, unaamka siku ya Hamisitatu. Hata baada ya yote hayo, toleo la kwanza limetoka na mjane anayeinua mikono kuomba "ana za Mungu". Tulipita watu watatu juu ya mstari ule.

4. Faili moja, tarehe kwenye jina, nakala kwenye barua pepe yako. Nisiseme tena.

5. Mkataba. Ukiambiwa mrabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa, ni asilimia 10, uliza ni kumi ya nini. Kama ni kumi ya bei ya jalada, ile anayolipa msomaji, kitabu cha shilingi 10,000 kinakupa 1,000. Kama ni kumi ya kinachomfikia mchapishaji, na duka limepewa punguzo la asilimia 40, unapata 600.

6. Ukiamua kujichapia, ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, unaomba Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, wala usiazime ya rafiki. Kitabu cha karatasi na cha kielektroniki kila kimoja kina namba yake.

7. Nakala za bure za mwandishi ni chache kuliko ndugu zako. Mimi niliapa kutompa yeyote wa ukoo, nikashindwa kwa mmoja. Shemeji aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma siku nne, akaja nayo nyumbani ikiwa imefungwa kwenye kanga. Akakaa. Akakataa chai.

"Shem," akasema, "huyu Zuhura ni mimi, au siyo?"