Maswali ya Wasomaji: Shilingi ya Waziri, Gitaa Lisilopatana na Rimu Pungufu

Wahariri, salaam. Kila Bunge la bajeti nasikia redioni mbunge akisema, "Nisipopata majibu nitashika shilingi ya Mheshimiwa Waziri." Anaishikaje, na waziri anakatwa kweli? Na wabunge wakigoma kabisa, ofisi zetu zitafungwa kama zinavyofungwa Marekani? (Msomaji, Iringa)

Shilingi hiyo ni ya kwenye makaratasi, lakini ina meno.

Waziri akishasoma hotuba ya makadirio na wabunge wakishachangia, Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia mafungu moja moja, kifungu kwa kifungu. Kinapoitwa kifungu chenye mshahara wa waziri, wabunge husimama kwa wingi. Hapo ndipo pa kuulizia sera. Ukisimama kwenye kifungu cha dizeli utajibiwa habari za dizeli tu, ila kwenye mshahara unamuuliza waziri kazi yake yote. Mbunge hutaja jambo moja, tuseme barabara iliyoahidiwa miaka mitatu mfululizo, na kueleza kwamba asiporidhika ataondoa shilingi moja kwenye mshahara huo. Waziri hujibu. Mbunge akiridhika huirudisha shilingi na mambo yanaishia hapo. Asiporidhika hutoa hoja, wenzake huijadili, kisha hupigwa kura.

Kwa nini shilingi moja na si milioni kumi? Kwa sababu fedha si shabaha. Shilingi ikiondoka wizara haikosi kitu, ila waziri amepigwa kofi mbele ya watu. Mara nyingi shilingi hurudi, maana waziri anayeona upepo umegeuka huahidi kitu kabla kura haijafika. Mbunge naye lazima awahi: muda ukiisha huja gilotini, na vifungu vilivyobaki hupitishwa kwa mkupuo bila maswali.

Mtindo huu ni wa Uingereza, na kule uliwahi kuua. Tarehe 21 Juni 1895, mbunge wa upinzani alitoa hoja ya kupunguza pauni 100 kwenye mshahara wa Waziri wa Vita, Campbell-Bannerman, akidai jeshi halina akiba ya kutosha ya baruti. Hoja ikapita kwa kura 132 dhidi ya 125, na serikali nzima ya Waziri Mkuu Rosebery ikajiuzulu.

Sasa kuhusu kufungwa. Mwaka wa fedha wa serikali kuu ya Marekani huanza 1 Oktoba. Katiba yao inakataza kutoa hata senti hazina bila sheria ya matumizi, na sheria nyingine ya 1884 inakataza maofisa kutumia fedha ambazo hazijaidhinishwa. Hata hivyo, kwa miaka mingi fedha zikichelewa ofisi ziliendelea na kazi zikisubiri. Mambo yalibadilika 1980, Mwanasheria Mkuu Benjamin Civiletti alipotoa tafsiri kwamba hakuna sheria hakuna kazi, isipokuwa ya kulinda maisha na mali. Tangu hapo wabunge wakivutana, watumishi hurudishwa nyumbani, na wanaoongoza ndege hufanya kazi bila mshahara hadi mvutano uishe. Mvutano wa 2018 hadi 2019 ulichukua siku 35. Ule wa 2025 ulianza 1 Oktoba na kuisha 12 Novemba, siku 43.

Hapa Tanzania mlango huo umezibwa kwa matofali mawili. La kwanza ni Ibara ya 139 ya Katiba: mwaka wa fedha ukianza na sheria ya matumizi haijaanza kutumika, Rais anaweza kuidhinisha fedha kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina kwa gharama za lazima, kwa muda usiozidi miezi minne. La pili ndilo zito zaidi. Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya serikali. Kwa hiyo mbunge anayeitwa kwa jina mwishoni mwa Juni akajibu "hapana" anaweza kuwa anapigia kura kiti chake mwenyewe. Mtu wa Washington hana hofu hiyo, kwani rais wao hana mamlaka ya kuwavunja.

Kenya nayo ina njia yake. Ibara ya 222 inaliruhusu Bunge la Taifa kuidhinisha fedha za kuendeshea serikali sheria ikichelewa, zisizozidi nusu ya makadirio ya mwaka. Wengi huchanganya mambo ya Juni 2024. Muswada ambao Rais wa Kenya alitangaza tarehe 26 kwamba hatausaini ulikuwa Muswada wa Fedha, yaani wa kodi: nani atozwe nini. Ruhusa ya kutumia hutoka kwenye muswada mwingine kabisa, ule wa matumizi.

Gitaa langu nikilityuni hadi kodi ya E iwe tamu kabisa, kodi ya C inachacha. Nikiitengeneza C, E inaharibika. Nimebadilisha nyuzi mara mbili. Fundi anasema shingo imepinda. Kosa ni la nani? (Mpiga gitaa wa kwaya, Morogoro)

Kwanza usimlipe fundi. (Na tuelewane: kodi za hapa ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja, si zile za swali lililopita.) Hata gitaa lililonyooka kama rula lingekufanyia hivyo, kwa sababu kosa limo ndani ya namba.

Sikio hupenda sauti mbili zikipatana kwa hesabu fupi. Do na do ya juu yake, yaani oktavu moja, ni 1 kwa 2: ya juu hutetema mara mbili ya ya chini. Do na so ni 2 kwa 3. Do na mi ni 4 kwa 5. Anza sasa kwenye do, panda kwa hatua za so, yaani zidisha kwa 1.5 kila mara. Baada ya hatua 12 umeshapita noti zote kumi na mbili na unatakiwa kutua kwenye do, oktavu saba juu. Piga kwa kikokotoo. 1.5 ikizidishwa yenyewe mara 12 ni 129.746. Oktavu saba, yaani 2 ikizidishwa yenyewe mara 7, ni 128. Hazilingani, na haziwezi kulingana hata ukipanda hadi mbinguni, kwa kuwa 3 ikijizidisha hubaki witiri siku zote na 2 hubaki shufwa. Tofauti hiyo ni karibu robo ya nusu toni, ile hatua ya kutoka noti moja hadi inayofuata. Ni lazima iwekwe mahali.

Gitaa na kinanda vya leo huigawa sawasawa: kila freti, kile chuma kinachokatisha shingo ya gitaa, inazidisha mtetemo kwa 1.05946, namba ambayo ukiizidisha yenyewe mara 12 unapata 2. Wanamuziki huigawa nusu toni moja kwenye senti 100. Kwa mgao huu do na so hupungukiwa senti 2 tu, hakuna anayesikia. Mi ndiyo inayoumia: iko senti 14 juu ya pale sikio linapoitaka.

Turudi kwenye gitaa lako. Kwenye kodi ya E, waya wa G ukibanwa freti ya kwanza ndio mi ya kodi hiyo. Wewe unaulegeza waya wa G hadi mi itulie, yaani unaushusha hizo senti 14. Kodi ya E inakuwa asali. Halafu unapiga C, ambamo waya uleule wa G uko wazi na ndio so. So iliyoshushwa senti 14, juu ya zile 2 zilizokuwa zimepungua, ni 16, na hizo hata mtoto anazisikia. Kwenye A ndogo ni vilevile: waya wa G freti ya pili ni A, unagombana na waya wa A ulio wazi.

Kwa hiyo acha kutyuni kwa kodi. Tumia tyuna, kile kifaa cha kupimia sauti, waya mmoja mmoja, na uikubali E yenye ukali kidogo.

Ukitaka kutyuni kwa sikio, tumia sauti za filimbi: gusa waya bila kuubana, juu kabisa ya chuma cha freti, upige, uachie. Waya wa E nene freti ya 5 na waya wa A freti ya 7 hutoa karibu sauti moja, na zikitofautiana kidogo utasikia mawimbi, wau, wau, wau. Wengi wamefundishwa kukaza hadi mawimbi yafe. Hapo ndipo wanapokosea, maana wakirudia hivyo kwa A na D, kisha D na G, waya wa G unafika ukiwa chini kwa senti 6 hivi. E nene sahihi hutetema 82.41 kwa sekunde, na mara nne yake ni 329.63. A ni 110, mara tatu ni 330. Tofauti ni 0.37, yaani wimbi moja kila sekunde 2.7. Kaza A hadi mawimbi yafe, kisha ongeza kidogo mno hadi usikie wimbi hilo moja la uvivu. A kwa D liwe kila sekunde 2. D kwa G, kila sekunde moja na nusu. Kati ya G na B njia hii haifanyi kazi. Linganisha B iliyo wazi na filimbi ya E nene freti ya 7, na E nyembamba na filimbi ya E nene freti ya 5.

Fundi wako bado anaweza kuwa na hoja, ila ipimwe. Piga filimbi ya freti ya 12, kisha bana freti hiyohiyo na upige. Ya kubana ikiwa juu zaidi, kijiti cha kwenye daraja kirudishwe nyuma. Ikiwa chini, kisogezwe mbele. Magitaa mengi ya nyuzi za nailoni yana urefu wa milimita 650. Kwa urefu huo freti ya kwanza iwe milimita 36.5 kutoka nati ya shingoni, na ya 12 iwe 325. Ukipima kutoka freti ya 12 hadi daraja ukapata 327 au 328, usishtuke: unapoubana waya unauvuta, sauti inapanda, na milimita hizo zimewekwa kulipia hilo. Lakini kutoka nati hadi freti ya 12 ukipata kama 322.6, gitaa hilo lilipimwa kwa kanuni ya zamani ya kugawa urefu uliobaki kwa 18, aliyoiandika Vincenzo Galilei, baba yake Galileo, mwaka 1581. Kigawanyo sahihi ni 17.817. Freti mbili tatu za mwanzo hutasikia kitu, ila huku chini kosa linajilimbikiza, na hakuna tyuna itakayolitoa.

Mpiga udi wa taarabu hana shida hii, kwa sababu udi hauna freti na kidole ndicho kinachoamua. Ganuni ina vijiti vidogo vya chuma chini ya nyuzi, vya kupandishia na kushushia sauti kwa vipande vidogo kuliko nusu toni. Akodioni haina pa kusogeza. Kwa hiyo makamu (mpangilio wa noti za muziki wa Kiarabu) kama rasti, ambayo mi yake iko kati ya mi kubwa na mi ndogo, akodioni ya kawaida haiwezi kuipiga sawasawa hata apewe bingwa.

Kwa nini A4 ni 210 kwa 297, si 200 kwa 300 ikaeleweka? Na asilimia 71 na 141 kwenye mashine ya fotokopi alizichagua nani? (Mwenye duka la steshenari, Kahama)

Karatasi ya 200 kwa 300 ukiikunja katikati unapata 150 kwa 200, umbo jingine, nene zaidi. A4 ukiikunja unapata A5 yenye umbo lilelile. Ni uwiano mmoja tu unaokubali hivyo: 1 kwa 1.414, kipeuo cha pili cha 2. Wajerumani waliufanya kiwango rasmi mwaka 1922, wakianzia na A0 yenye eneo la mita moja ya mraba, milimita 841 kwa 1189. Ikunje mara nne, hiyo ndiyo A4.

Asilimia 71 ni 1 ikigawanywa kwa 1.414, na 141 ni kinyume chake. Kutoka A3 kwenda A4 bonyeza 71, kurudi bonyeza 141. Mteja akitaka kurasa mbili za A4 kwenye karatasi moja ya A4, ni 71 pia, si 50. Hamsini hupunguza urefu na upana vyote kwa nusu, unabaki na robo ya karatasi. (Mwenzako wa Morogoro akibana freti ya 6, waya unaobaki ni asilimia hiyohiyo 71.)

Kwa duka lako, hesabu hii ina faida nyingine. A4 kumi na sita ni mita moja ya mraba, hivyo karatasi ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5 kamili, na rimu ya karatasi 500 ni kilo 2.5, bila kuhesabu gramu chache za kifungashio. Weka rimu kwenye mzani. Ikisoma kilo 2.34 hivi, hiyo ni ya gramu 75 hata kama imeandikwa 80. Ikisoma 2.19 ni ya gramu 70, na hiyo kwenye mashine yenye joto hujikunja na kukwama, hasa ukichapa pande mbili.

Faili likitoka Marekani huwa limepangwa kwa karatasi yao, 216 kwa 279. Ni pana kuliko A4 kwa milimita 6 na fupi kwa 18, ndiyo maana herufi za pembeni hukatika au printa inagoma ikidai karatasi ambayo huna. Badili ukubwa uwe A4 na uchague ukurasa upunguzwe utoshee kabla ya kuchapa, si baada ya mteja kulipa.