Mto Ukikauka, Wastani Hausaidii

SWALI: Skimu yetu ya umwagiliaji ina kumbukumbu za mto za miaka 24, na katika miaka 6 mto ulikauka kabisa. Wastani wa kiangazi ulionyesha kwamba banio (mlango wa kuchotea maji mtoni) la lita 300 kwa sekunde lingetosha, lakini tunakwama mara kwa mara. Tukokotoe vipi hatari hiyo?
Msomaji, Mbarali

JIBU: Wastani ndio uliowaponza. Maji mengi ya Juni huupandisha, ilhali mche hufa kwa wiki moja mbaya ya Oktoba.

Anzeni mwaka wa hesabu 1 Aprili, mto ukiwa umejaa. Mkianza Novemba mtakikata kiangazi vipande viwili, na ukame mmoja utahesabiwa mara mbili. Kila mwaka tafuteni wastani wa siku 7 mfululizo ulio mdogo kuliko yote. Miaka ya sifuri msiitupe, wala msiilazimishe kwenye mchoro wa logi (logariti), kwani sifuri haina logi. Itengeni: 6/24 ni 0.25. Miaka 18 iliyobaki ipangeni kuanzia mtiririko mdogo kabisa, mgawanye nafasi ya kila mmoja kwa 19 (yaani 18 + 1), kisha mchore. Tuseme kwenye lita 300 mchoro unasoma 0.20, yaani uwezekano wa mtiririko kushuka chini ya hapo katika mwaka ambao mto haukukauka. Hatari ni 0.25 + 0.75 × 0.20 = 0.40, yaani miaka miwili katika kila mitano. Ndani ya miaka mitatu, uwezekano wa kukwama walau mara moja ni asilimia 78.

Kabla ya hayo, kagueni daftari la msoma kipimo. Siku ambazo hakusoma wakati mwingine huingizwa kama sifuri. Kinyume chake pia hutokea: dimbwi lililotuama husomeka sentimita kadhaa kwenye rula ilhali hakuna kinachotiririka. Mchanga nao huhama kila msimu wa mvua, na kina kilekile hakimaanishi tena mtiririko uleule, kwa hiyo pimeni kasi ya maji upya kila kiangazi.

Kubwa zaidi ni mabadiliko ya mto wenyewe. Mto Ruaha Mkuu ulitiririka mwaka mzima katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, lakini tangu 1993 hukauka wakati wa kiangazi: mabanio ya bonde la Usangu, juu ya hifadhi, huchota maji, ardhioevu ya Ihefu hushuka chini ya kizingiti cha mwamba cha Ng'iriama, na mto hukatika ghafla. Kama juu yenu kumejengwa banio jipya, tumieni miaka ya baada yake tu, hata ikiwa 12. Ila kwa miaka 12 msikadirie ukame wa mara moja katika miaka 50.