Shika fimbo kwanza, upinde baadaye

Wadogo zangu mnaopiga fidla, viola au selo, siku mkipewa karatasi yenye mapigo ya Kiganda nikumbukeni, mimi nilishaaibika kwa niaba yenu.

Mimi ni wa viola. Tulikuwa wanne, shule tumeenda, tukachukua kipande kilichotungwa kutokana na amadinda, ile marimba kubwa ya Buganda, mbao 12 zimelazwa juu ya magogo mawili ya mgomba. Kwenye karatasi kilikuwa chepesi mno, noti fupifupi zote urefu mmoja, nikasema hii wiki moja tu. Wiki tatu baadaye bado tunagongana kama bodaboda kwenye makutano.

Tatizo ni kwamba sisi tumelelewa kuamini "moja" ni moja tu, fidla ya kwanza ikitikisa kichwa wote tunaangukia hapo. Kwenye amadinda wawili wanakaa wanatazamana, mmoja anaanza (okunaga), mwenzake anachomeka mapigo yake katikati ya yale (okwawula), na kila mtu kwake yeye ndiye yuko juu ya biti. Yaani "moja" ziko mbili! Sasa ukikaa unajiona uko nyuma ya biti, dakika haiishi unavutwa kwa mwenzako, mnaanza kupiga pamoja, na hapo ndo muziki umekufa, na sisi kila tukifika hapo tulikuwa tunapongezana eti leo tumeshikana.

Mzee mmoja mpigaji akaja, akasikiliza, akacheka sana. Akanipa fimbo mbili za kupigia amadinda akanikataza kuhesabu. Siku mbili napiga upande wangu tu, uleule, mpaka mkono ukawa unakwenda wenyewe huku napiga stori, ndipo naye akaingia. Jamani, nikaanza kusikia wimbo ambao sikuwa naupiga mimi wala yeye, umezaliwa hapo katikati. Kuna mpaka mtu wa tatu (okukoonera) anayeokota noti za zile mbao mbili nene za chini na kuzirudia kwenye mbao mbili ndogo za mwisho, oktavi mbili juu, yaani sauti ileile ila nyembamba zaidi.

Kwa hiyo mkirudi kwenye nyuzi, metronomu, kile kifaa cha kupiga biti, iwekeni ipige biti ya mwenzako, sio yako, wewe jaza katikati, halafu jilazimishe kusikia kwamba yenyewe ndo imechelewa. Upinde mfupi, sauti ianze kwa kugonga maana mbao haichelewi kuongea, na vibrato, ile kutikisa kidole kwenye uzi, acheni kabisa. Tuning nayo, oktavi ina sauti tano zilizoachana karibu sawasawa, hazikai kwenye piano, sikio lako litalalamika kidole kimekosea, we liache lilalamike.

Kusikiliza, anzeni na mtunzi Justinian Tamusuza wa Uganda, kwarteti yake (kipande cha wapigaji wanne) ilirekodiwa na Kronos Quartet, kundi la Wamarekani, kwenye albamu ya mwaka 1992, ala nne za nyuzi za Kizungu tu ila Buganda imejaa humo. Ila sikilizeni baada ya fimbo, kabla ya hapo mtaishia kuiga tu. Hata Bartók, mtunzi wa Hungaria, alizunguka vijijini na mashine ya kurekodi kwanza.

Karatasi lakini msitupe. Amadinda inazunguka tu, bila hiyo karatasi hamtajua mnaacha wapi, sisi jioni moja tulizunguka mpaka mlinzi akaja kutuzimia taa.