Wasomaji Wanauliza: Vidudu vyenye mikia vinavyofia chini ya taa

Swali, kutoka Hombolo, Dodoma: Tunaishi jirani na bwawa. Tukiwasha taa ya barazani vinajaa vidudu laini vyenye nyuzi ndefu nyuma, na kukicha vyote vimekufa. Watoto wanasema ni kumbikumbi wadogo, wanataka kuvikaanga. Ni kumbikumbi kweli?

Jibu: Hapana. Kumbikumbi ni mchwa wenye mabawa: mabawa yake manne yanalingana urefu, huyalaza mgongoni, kisha huyapukutisha. Hao wenu ni wa kundi kubwa la wadudu (oda) liitwalo Efemeroptera. Hapa tutamwita efemera. Akitua, mabawa husimama juu ya mgongo kama ya kipepeo, maana hawezi kuyakunja. Ya mbele ni makubwa, ya nyuma ni madogo sana au hayapo. Zile nyuzi ni mikia, miwili au mitatu.

Anakufa mapema kwa sababu hali kitu. Sehemu za kinywa chake zimedumaa na utumbo umejaa hewa. Maisha yake yote ya kula ameyamaliza majini. Yai huangua tunutu, yaani mtoto asiye na mabawa, ambaye hukwangua mwani na mabaki ya majani. Hujivua ngozi mara 10 hadi 50, kutegemea spishi. Kwenye maji ya joto wiki kadhaa zinaweza kumtosha. Nchi za baridi huweza kuchukua mwaka au miwili.

Siku ikifika hupanda juu ya maji, ngozi hupasuka mgongoni, anatoka mwenye mabawa meupe ya ukungu. Hapo bado hajakomaa! Hutua mahali na kujivua tena, hata utando wa mabawa yenyewe, ndipo yanakuwa maangavu. Hakuna mdudu mwingine duniani anayejivua akiwa tayari anaruka. Tazameni ukuta wenu asubuhi: vile vinavyofanana na vidudu vyeupe vilivyokauka, vingi ni ngozi tupu.

Baada ya hapo ni kupandana angani na kutaga tu. Efemera wa jamii iitwayo Cloeon, wapenzi wa maji yaliyotuama kama ya malambo, wako tofauti kidogo: jike wa Cloeon anayejulikana zaidi hukaa na mayai tumboni takriban wiki mbili, akiyaangusha majini yanaangua papo hapo. Ndiyo maana ule msemo kwamba efemera huishi "siku moja" si sahihi kwa wote.

Kuhusu kukaanga, huko Ziwa Malawi watu hutengeneza mikate iitwayo kungu kwa vidudu vya ziwani, efemera wakiwemo. Hao wa barazani ni ngozi na mabawa matupu, hawashibishi. Hawaumi. Ila nyunyizeni maji kabla ya kufagia, kwani vumbi la ngozi zao huwasumbua wenye pumu.

Swali, mvuvi, Mtera: Nimekuta vitundu kwenye ubao wa mtumbwi, chini ya usawa wa maji. Ni huyo huyo?

Jibu: Anaweza kuwa ndugu yake, Povilla adusta. Tunutu wake hutoboa mbao na miti iliyozama katika maziwa na mabwawa ya Afrika. Pasua kipande kilichooza: mfereji wenye umbo la U, uliotandikwa utando kama hariri, ni wake. Hali mbao, humo ni nyumbani tu, chakula chake ni mwani na chembe zinazopita na maji. Kwa kuwa anapumua kwa matamvua, mtumbwi ukivutwa nchi kavu mpaka matundu yakauke kabisa, atakufa. Uwekeni kivulini, jua kali litapasua mbao. Kisha kalafatini. Katika Ziwa Victoria Povilla aliyekomaa, mwenye mabawa, hutoka majini kwa wingi yapata siku mbili baada ya mwezi mpevu.

Swali, mwalimu, Kondoa: Wanafunzi wanaweza kupima usafi wa kijito kwa wadudu hawa?

Jibu: Wanaweza, na kipimo cha mito cha Tanzania kiitwacho TARISS hutumia wadudu wa majini hivyo hivyo. Tumieni wavu wa matundu ya milimita 1, ukielekea mkondo unakotoka. Mmoja asugue mawe kwa miguu mbele yake kwa dakika 2, akiwa na mabuti ya mpira kwa ajili ya kichocho. Mimineni kwenye beseni jeupe lenye maji ya kijito hicho hicho, kivulini. Juani maji hupata joto, oksijeni hupungua, na wadudu hufa kabla ya kuhesabiwa.

Efemera ana matamvua ubavuni mwa tumbo na ukucha mmoja kila mguu. Hesabuni aina, si wingi: aina moja ya Baetidae, familia mojawapo ya efemera, huvumilia maji machafu kiasi, aina tatu pamoja ni habari njema. Makorongo yetu ya mchanga hukauka kiangazi, kwa hiyo msipime wiki ya kwanza ya mvua. Mtakuta patupu, mdhani maji yana sumu, kumbe wadudu hawajapata muda wa kurudi.