Kutibu bakteria wa tumbo kutanizidishia pumu?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, na pumu ninayo tangu utotoni. Juzi nilipima choo kwa ajili ya vidonda vya tumbo, nikakutwa na H. pylori. Jirani yangu anasema bakteria hao humkinga mtu na mzio, nikiwaua pumu itanizidi. Nitumie dawa au niache?

JIBU: Marahaba, dada. Tumia dawa.

Jirani yako hakubuni, ila habari imemfikia nusu. Mwaka 2007 na 2008, Yu Chen na Martin Blaser wa New York walichambua takwimu za afya za Wamarekani, wakakuta kwamba wenye H. pylori, hasa watoto, walikuwa na pumu kwa uchache kuliko wasio nao. Mwaka 2011 watafiti wa Zurich wakajaribu kwa panya. Walioambukizwa wakiwa wachanga walikingwa vizuri na pumu ya mzio. Walioambukizwa ukubwani hawakufaidika kiasi hicho. Bakteria huyu, ili aishi tumboni bila kushambuliwa, huchochea seli zinazotuliza kinga ya mwili, na utulivu huo hufika hadi mapafuni. Kinga changa ndiyo inayofundishika.

Sasa jitazame wewe. H. pylori kwa kawaida huingia utotoni, kwa hiyo huenda umeishi naye miaka yote hiyo, na pumu ukaipata vilevile. Kumwacha hakukupi kinga yoyote ya kutegemea, na vidonda vitaendelea kurudi. Tena tangu 1994 Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, limemtaja kuwa kisababishi cha saratani ya tumbo.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni dawa zenyewe. Kama unameza aminofilini au tiofilini kwa ajili ya pumu, mwambie daktari kabla ya kuanza klarithromaisini, antibayotiki inayotumika kumuua H. pylori: hupandisha kiwango cha tiofilini kwenye damu, na moyo unaweza kwenda mbio au ukapata degedege. Dawa yako ya kuvuta usiiache hata siku moja.

Na ukikohoa usiku ukilala, huku kifua kinawaka kiungulia, usimsingizie bakteria. Mara nyingi hiyo ni asidi inayopanda kooni, nayo huchokoza pumu. Mweleze daktari hilo pia.

Ukimaliza dozi, subiri wiki 4 ndipo urudie kipimo cha choo, na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, uwe umeiacha wiki 2 kabla. Kipimo cha damu hakitakufaa hapo, kwa kuwa kinaweza kubaki chanya miezi mingi baada ya kupona.