Barua kwa mwanangu: mguu usioshikwa tena

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliisoma asubuhi, nikairudia usiku. Umeniuliza: "Baba, kama kanuni zimekataza kushika miguu, na kesho zitakataza kingine, kwa nini niwafundishe wanafunzi wangu mbinu zisizowapa alama? Na hii judo tunayocheza leo bado ni ile mliyocheza ninyi?" Nianze na la pili, maana jibu la kwanza limo humo.

Si ile ile. Wala mimi sikucheza ile ya walionitangulia. Mchezaji hujifunza kile kinacholipwa, na kanuni ndizo zinazolipa. Nilipokuwa nacheza, koka ilikuwa bado ipo, alama ndogo kuliko zote, unaipata mpinzani akiangukia makalio au paja. Kuna pambano nililishinda kwa koka moja. Nilimkata mtu ngwala mapema, akakaa chini, mwamuzi akainua mkono. Dakika zote zilizobaki nilimzungusha mkekani, nikivuta ukosi wake, nikijifanya nashambulia. Medali nilipewa. Mwalimu wangu hakunipa mkono siku ile, na mpaka leo namwelewa. Sikuvunja kanuni hata moja, ila nilikuwa nimeacha kutafuta ippon, lile anguko kamili linalomaliza pambano palepale, na mwili ukishazoea kuacha, kuurudisha ni kazi.

Koka ilipoondolewa kuanzia 2009, nilifurahi. Alama ya yuko, iliyokuwa juu kidogo ya koka, nayo ikaondolewa 2017, na hapo furaha yangu ilipungua. Anguko la ubavu tu na anguko lililobakiza kidogo kuwa ippon yote yakawa waza-ari, alama iliyo chini ya ippon. Mwaka huo huo waza-ari mbili zikaacha kuwa ippon, jambo lililodumu mwaka mmoja tu, 2018 likarekebishwa. Sasa tangu 2025 yuko imerudi, na naona ni sawa: mtu aliyemwangusha mwenzake kwa ubavu amefanya kazi, lakini si kazi ya yule aliyemlaza karibu mgongo mzima. Mwamuzi anahitaji neno kwa kila moja.

Lakini najua kilichokuuma ni miguu.

Mpaka 2009 mkono ulikuwa huru kwenda chini. Tulikuwa na morote-gari, unaingia na kuzoa miguu yote miwili. Tulikuwa na kuchiki-taoshi na kibisu-gaeshi, mkono ukinyaka mguu au kisigino. Tulikuwa na te-guruma, ambayo mimi niliipenda kuliko zote: mpinzani anakuja na uchi-mata, mbinu ya kufagia paja lako kwa ndani, mguu wake umeshapanda hewani, wewe unauzoa kutoka chini na kumgeuza mzima mzima. Mwaka 2010 ikakatazwa kuanza shambulio kwa mkono mguuni; ilibaki njia ya kujibu shambulio au kuunganisha na mbinu nyingine. Mwaka 2013 hata hiyo ikafungwa. Ukiwa umesimama, mkono chini ya mkanda ni kosa. Mwanzoni mchezaji aliondolewa pambanoni palepale, baadaye ikalegezwa ikawa shido, yaani adhabu ndogo.

Sitakudanganya kwamba hakukuwa na sababu. Nilikaa pembeni ya mikeka miaka ile na niliyaona mapambano ambayo watu wawili wameinama kama wanatafuta sindano, mikono imekakamaa, kila mmoja akivizia mguu wa mwenzake, au akirukia miguu kwa sekunde moja ili tu aonekane anashambulia. Baada ya katazo, watu walisimama wima. Uchi-mata na seoi-nage, ile ya kumtupa mtu kwa kumpitisha mgongoni, zikapata nafasi. Hilo ni faida, nalikubali wazi.

Hasara yake haionekani haraka, ndiyo maana nakuandikia kirefu. Zamani ukiinua mguu kwa uchi-mata mbovu, ulilipia: mguu ulizolewa. Woga ule ndio uliotufundisha kuvunja mizani ya mpinzani kwanza, kumvuta mpaka asimame kwa vidole, ndipo uingie. Sasa mchezaji anaingia nusunusu, akishindwa anatoka, hajalipa kitu. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba vijana wako wanaingia uchi-mata bila kuvuta mkono wa shati. Usiwalaumu peke yao. Kanuni imewaondolea aliyekuwa akiwasahihisha.

Tena kuna hili la umri. Mtoto aliyeanza judo 2013 akiwa na miaka minane leo ni mtu mzima, na pengine hajawahi kuvutwa mguu hata mara moja. Kesho atakuwa mwalimu. Atafundisha nini? Mbinu haihitaji kukatazwa ukumbini ili ife. Ikikosa alama mashindanoni, walimu huipitia juu juu, kisha huisimulia, kisha huitaja jina tu. Mwaka 2025 mashindano ya taifa ya Japan ya uzani huru yaliruhusu tena kushika miguu, nami nilifurahi kama kijana. Ila ruhusa hutoka siku moja. Mikono inayojua kazi hiyo hutoka baada ya miaka, na lazima awepo aliyebaki anajua kuionyesha.

Usije ukadhani naona kila katazo ni baya. Kani-basami, ile ya kuruka na kumbana mtu miguu kama mkasi, ilimvunja mguu Yasuhiro Yamashita mwaka 1980. Ilikatazwa, na sijawahi kuilalamikia hata siku moja. Mguu wa mwanafunzi ni mali ya mama yake. Kanuni inayolinda goti, shingo na kichwa naifuata bila kuuliza. Ile inayobadilisha sura ya mchezo ili upendeze machoni naifuata mashindanoni, lakini haina amri juu ya ukumbi wako siku za mazoezi.

Kuna badiliko moja nalipenda, nalo ni kufutwa kwa bendera ambazo waamuzi waliinua kumchagua mshindi pambano likiisha sare. Unakumbuka London 2012, robo fainali ya kilo 66? Cho Jun-ho wa Korea Kusini aliinuliwa bendera zote tatu, kisha waamuzi wakaitwa, wakarudi, wakainua zote tatu kwa Masashi Ebinuma wa Japan. Wote wawili waliondoka na shaba, lakini namna ile hakuna anayestahili kushinda wala kushindwa. Siku hizi muda wa nyongeza hauna mwisho. Desemba 2020 Hifumi Abe na Joshiro Maruyama waligombea nafasi ya Olimpiki kwa dakika 24 kabla Abe hajapata alama. Ni mateso, lakini jibu lilitoka mkekani.

Adhabu ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Fainali ya uzito wa juu ya Rio 2016, Teddy Riner na Hisayoshi Harasawa, iliamuliwa kwa adhabu, bila mtu kuanguka. Na tangu 2017 shido tatu zinamwondoa mtu, si nne tena. Mchezaji mwerevu hujifunza kumsukuma mwenzake ukingoni na kumfanya aonekane mvivu. Hii ni koka yangu imerudi kwa jina jingine. Wafundishe vijana wako kuikwepa shido, ndiyo, lakini usiwafundishe kuiwinda.

Sasa la kwanza: kwa nini ufundishe kisicholipa? Angalia Nage-no-kata, ule mfululizo rasmi wa mbinu za kutupa. Mbinu ya tatu ni kata-guruma, na mkono wako unapita katikati ya miguu ya mwenzako, unashika paja, unambeba mabegani. Haijabadilishwa. Mwanafunzi wako akifika kwenye mtihani wa mkanda mweusi na kuulizwa kata hiyo, ndipo atakaposhika mguu kwa mara ya kwanza maishani? Nimewaona wa namna hiyo. Wanabeba kwa mgongo uliopinda, na mwenzao anashuka kama gunia.

Tenga siku moja kwa juma, waambie wazi kwamba leo mkono unaruhusiwa kwenda chini na kwenye mashindano hauruhusiwi, ili wasichanganye. Anza na kata-guruma, lakini anayeangushwa apige magoti kwanza, kimo kiwe kidogo. Anayebeba avute mkono wa shati mpaka mwenzake aegemee mbele, ndipo achuchumae, mgongo wima, kichwa kimegusa ubavu wa mwenzake. Nguvu itoke mapajani. Morote-gari iache mwisho, na usiwape kabla hujaridhika na kuanguka kwao, maana hiyo humtupa mtu nyuma moja kwa moja, na asiyebana kidevu kifuani atagonga kisogo.

Te-guruma niachie mimi. Nitakapokuja nitasimama mbele yao, na yeyote mwenye uchi-mata ya nusunusu aje aijaribu kwangu.

Baba yako