Harufu ya petroli ndani ya gari la zamani si uzee

Msomaji mmoja wa Tabata ameniandikia kwamba anataka kuuza Datsun 240Z yake, gari la michezo la Kijapani alilolitafuta kwa miaka mingi, kwa sababu mkewe amekataa kupanda gari linalonuka petroli, na kila fundi aliyelitazama amemwambia kuwa magari ya zamani ndivyo yalivyo. Ameniomba nimkadirie bei. Bei sitamkadiria, kwa kuwa maneno hayo hayo niliambiwa mimi kuhusu gari la aina hiyo hiyo, na niliyalipia kwa fedha nyingi kabla sijagundua kwamba aliyeyasema hakuwahi hata kufungua paneli ya nyuma.

Tenki la mafuta haliwezi kufungwa kabisa likabaki salama. Injini inapovuta petroli, hewa haina budi kuingia ili ijaze nafasi iliyoachwa, na petroli inapopata joto, mvuke wake hauna budi kupata pa kwenda. Sisi wa Dar es Salaam tunalihitaji jambo hili kuliko watu wa nchi za baridi. Petroli hutanuka kwa takriban asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto, na tenki la 240Z huchukua lita 60 hivi. Ukijaza asubuhi mafuta yaliyotoka kwenye tenki la kituo lililofukiwa ardhini, kisha ukaegesha juani pale Posta hadi mafuta hayo yapande nyuzi 10, zaidi ya nusu lita ya ziada itakuwa inatafuta mahali pa kukaa. Waliolibuni gari hilo walilifahamu hilo. Katika gari langu kuna tenki dogo la mvuke lililofichwa nyuma, upande wa kulia, kati ya bodi na paneli ya ndani, na mipira kadhaa, yaani mabomba laini ya mpira, inaliunganisha na sehemu mbalimbali za tenki kubwa lililo chini ya sakafu. Kutoka hapo bomba jembamba la chuma hupita chini ya gari hadi kwenye injini, ambako vali ndogo huupeleka mvuke uliozidi ukachomwe pamoja na mafuta mengine, na tenki likikosa hewa, vali hiyo hiyo huruhusu hewa iliyokwisha kuchujwa irudi nyuma.

Shida ni kwamba mipira hiyo imo ndani ya chumba wanamokaa watu. Gari hili liliacha kuundwa mwaka 1973, kwa hiyo mpira uliokuja na gari na haujawahi kubadilishwa umepita umri wa miaka 50, na ukipasuka mvuke wote unaishia mgongoni mwa dereva.

Nilipolipeleka gari langu kwenye gereji moja ambayo sitaitaja, nilieleza harufu tu, kwani injini ilikuwa haina tatizo lolote. Nilirudishiwa gari baada ya siku chache, harufu ikiwa imepungua sana, nami nikawasifu kwa kila niliyekutana naye. Kisha gari likaanza kuzima njiani. Lilikuwa likienda vizuri mjini, lakini nikishaiacha Kimara na kushika mwendo kuelekea Kibaha, nguvu zilipungua taratibu hadi injini ikafa. Nikisubiri kidogo, linawaka. Nikienda tena, linazima. Gereji ile ile iliniuzia pampu mpya ya mafuta, halafu ikakarabati kabureta zote mbili, halafu ikaanza kuzungumzia kufungua injini. Siku moja, nikiwa nimekwama kando ya barabara, nilifungua kifuniko cha tenki, nikasikia hewa ikivutwa ndani kwa mfyonzo mrefu, na gari likawaka papo hapo. Nilikwenda kumweleza fundi mkuu jambo hilo kwa furaha, nikiamini nimemrahisishia kazi. Alicheka mbele ya vijana wake, akasema kwamba kifuniko hakiendeshi gari, na kwamba mwenye gari amwachie fundi ufundi. Vijana nao wakacheka. Nakiri kwamba kicheko kile bado kinaniuma kuliko fedha.

Nililichukua gari langu nikaenda kuifungua paneli mwenyewe, nyumbani. Mipira ilikuwa imekatwa, na katika kila ncha iliyotoka kwenye tenki kubwa ilikuwa imechomekwa bolti na kukazwa kwa waya. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya harufu. Walikuwa wameliziba tenki pumzi, na kila pampu waliyoniuzia baadaye ilikuwa inahangaika kuvuta mafuta kutoka kwenye chombo kisicho na hewa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujanunua pampu, endesha gari hadi lianze kuchoka, simama mahali salama, kisha fungua kifuniko usikilize. Sikio lako litakuambia kile ambacho bili ya gereji haitakuambia.

Kuhusu ukarabati wenyewe, maelezo si mengi. Chomoa betri kwanza, fanyia kazi mahali penye hewa, na usifanyie juu ya shimo la gereji, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama chini ukisubiri cheche. Badilisha mipira yote kwa pamoja, hata ule unaoonekana mzima. Maduka ya Gerezani na Kariakoo huuza mipira mingi kwa jina la mpira wa mafuta, lakini mimi sinunui usiochapwa SAE J30 R7, ambayo ni alama ya mpira uliotengenezwa kwa ajili ya petroli na mvuke wake. Ule wa plastiki unaopitisha mwanga, ambao wengi hupenda kwa kuwa ni rahisi, hukakamaa na kupasuka. Kwa mpira mnene wa shingo ya kujazia mafuta utashawishiwa kutumia wa rejeta. Kataa, kwa kuwa mpira wa rejeta umeundwa kustahimili maji ya moto na petroli huuharibu.

Ipange mipira isilegee na kuning'inia katikati, kwani petroli itatuama kwenye bonde hilo na kuziba njia ya mvuke. Kagua pia vibomba vya tenki vinavyopokea mipira hiyo, hasa kama gari limekaa karibu na bahari, maana chumvi hula chuma hicho chembamba kwanza. Bomba langu la kwenda mbele lilikuwa limezibwa na udongo wa nyigu, jambo ambalo hakuna kitabu cha Kijapani kingenionya. Ukimaliza, puliza hewa ndani ya mipira kwa mdomo tu, kamwe si kwa kompresa, na upake povu la sabuni kwenye kila kiungo uone kama kuna panapovuja. Na tenki likihitaji kuchomelewa, usikubali kuambiwa kwamba ni salama kwa kuwa ni tupu. Tenki tupu limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Leo naliendesha gari hili hadi Bagamoyo na kurudi, tenki likiwa limejaa, na wazee wanaokumbuka 240Z ikishinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973 husimama wakaligusa. Gari lililoshinda mbio zile halikuwa na asili ya kunuka. Vijana mnaonunua magari haya mnapaswa kuacha kuheshimu kauli ya fundi kwa sababu tu ameitamka kwa sauti kubwa. Mwombeni akuonyesheni kitu kilichoharibika kabla hajakuuzieni kipya.

Neno moja limebaki kwa wale watakaofanya haya yote na bado wakasikia harufu wakifungua madirisha. Chunguzeni ni harufu gani. Ikiwa ni ya moshi wa injini na si ya petroli mbichi, basi hewa inayozunguka nyuma ya gari ndiyo inayourudisha moshi ndani kupitia raba za mlango wa nyuma na za taa zilizochakaa. Hapo tenki halihusiki tena, na kazi inahamia kwenye raba hizo.